Tusi ni tusi mbele ya nani?

Wiki hii nimejitwika mzigo wa ajabu kidogo: kuzungumza juu ya maneno ambayo sitayataja hata moja. Studioni nisingeruhusiwa kuyatamka, na mhariri wa ukurasa huu asingeyachapa. Hata wewe, kama unasoma gazeti hili ndani ya daladala, ungelikunja haraka kabla abiria wa pembeni hajachungulia. Walakini sote watatu tunayafahamu vizuri sana maneno hayo tangu utotoni, na hakuna mwalimu aliyesimama ubaoni kutufundisha. Neno ni sauti tu, ni hewa inayotoka kinywani. Limekosa nini hata likapigwa marufuku?

Jibu la haraka, ambalo utalisikia katika kijiwe chochote cha kahawa, ni kwamba maneno hayo ni machafu kwa sababu yanataja mambo machafu. Jibu hilo halisimami hata dakika moja. Nenda kliniki ya wajawazito asubuhi. Muuguzi amesimama mbele ya akina mama waliojaa kwenye mabenchi, anataja viungo vile vile, vitendo vile vile, na hakuna anayeinamisha kichwa. Anasema uke, anasema uume, anasema hedhi, tendo la ndoa, haja kubwa na haja ndogo. Akina mama wanaitikia, wengine wanauliza maswali. Muuguzi huyo huyo angetumia yale majina mengine ya vitu hivyo hivyo, kliniki ingekuwa tupu na yeye angeitwa ofisini. Kitu hakikubadilika. Kilichobadilika ni vazi la neno.

Nasema vazi kwa makusudi, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimekwisha kutupa siri ya jambo hili. Matusi makubwa tunayaita matusi ya nguoni. Mtu aliyeaibishwa hadharani tunasema amevuliwa nguo. Mwenye adabu tunasema ana stara, na stara ni neno la Kiarabu lenye maana ya kufunika, ndilo tunalolipata pia katika kujisitiri. Basi kwa Mswahili kutukana ni kufunua. Mtukanaji anainua nguo ya mwenzake mbele ya watu, au mbaya zaidi, anainua ya mama yake. Ndiyo maana tusi la mama huuma kuliko tusi lako mwenyewe. Wewe upo, unaweza kujibu. Yeye yuko nyumbani anapepeta mchele wake, hakugombana na mtu.

Kwa nini neno moja livae nguo na jingine liwe uchi, ilhali yote mawili yanataja kitu kimoja? Hapo inaingia historia. Tazama maneno ya mwili tunayoyaona ya heshima: hedhi, tohara, haja, jimai, janaba. Yote yametoka katika Kiarabu. Yaliingia pwani pamoja na elimu ya dini, ambayo haina aibu na mwili hata kidogo, kwa kuwa mwalimu wa chuoni hana budi kueleza lini mtu ana udhu na lini hana, lini josho ni faradhi na lini si faradhi. Akahitaji maneno ya kusemea hayo mbele ya wanafunzi, akayapata katika vitabu vyake. Neno la mgeni likapewa kiti barazani, na lile la asili, ambalo mababu walilitumia kabla ya hapo, likasukumwa uani. Waingereza nao ni hivyo hivyo. Daktari wa London hutaja viungo vya siri kwa Kilatini na watu wakamwita msomi, lakini akivitaja kwa maneno mafupi ya wakulima wa kwao, leseni yake iko hatarini.

Maadam tumefika Uingereza, tukae huko kidogo, kwa sababu historia ya matusi yao imeandikwa vizuri na inatusaidia kuona jambo moja. Katika karne za kati, Waingereza hawakushtushwa sana na maneno ya mwili. Miji ya London na Oxford ilikuwa na vichochoro vilivyopewa majina kwa neno ambalo leo ni tusi lao kubwa kabisa, kwa sababu tu biashara ya ukahaba ilikuwa ikifanyika pale. Jina likaandikwa katika hati za ardhi kama sisi tunavyosema Mtaa wa Samaki. Kilichowatetemesha ni kuapa kwa viungo vya Mungu: kwa mifupa yake, kwa damu yake, kwa misumari ya msalaba. Wahubiri walifundisha kwamba anayeapa hivyo anaurarua upya mwili wa Yesu. Mwaka 1606 Bunge lao likatunga sheria ya kumtoza faini ya pauni 10 mwigizaji yeyote atakayelitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Pauni 10 kwa wakati ule zilikuwa fedha za kumfilisi mtu.

Baadaye hofu ya kuapa ilipungua, na hofu ya mwili ikapanda. Kufikia karne ya 19 watu waliojiona waungwana waliona haya kutaja hata suruali. Hapo tarehe 11 Aprili 1914 mwigizaji mmoja, Mrs Patrick Campbell, akatamka katika tamthilia ya Bernard Shaw iitwayo Pygmalion neno moja tu lenye maana ya "yenye damu", na London nzima ikazungumza. Leo neno hilo husemwa na bibi kizee akimwaga chai. Na kule Quebec, nchini Kanada, ambako Kanisa Katoliki lilitawala maisha ya watu kwa karne nyingi, matusi mazito mpaka leo ni majina ya vyombo vya altareni: tabenakulo, kalisi, hostia. Padri huyataja kila Jumapili kwa unyenyekevu, na fundi makanika huyataja Jumatatu nyundo inapomponda kidole. Kila watu huficha matusi yao pale walipoficha kitu chao cha thamani.

Lakini sisi Waafrika wa upande huu tunao ufundi mwingine, ambao Wazungu walipouona waliduwaa. Kwetu neno peke yake halitoshi kuwa tusi. Lazima uulize limesemwa mbele ya nani.

Chukua mkwe. Karibu kila kabila la Tanzania lina adabu ya ukwe, na kule Rungwe kwa Wanyakyusa imefikia kilele. Mke wa Kinyakyusa wa zamani hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake ana kwa ana, wala kulitaja jina lake. Si hivyo tu. Hata neno la kawaida lililofanana kwa sauti na jina la mzee huyo alilikwepa, akatafuta jingine. Kama mkwe ana jina linalokaribiana na neno la maji, basi mke huyo atayaita maji kwa namna nyingine maisha yake yote ya ndoa. Kwake yeye neno safi kabisa lilikuwa mwiko, si kwa ubaya wake, bali kwa heshima ya mtu mmoja.

Sasa geuza shilingi upande wa pili: mtani. Bibi anamwita mjukuu wake wa miaka mitano "mume wangu" na kumwuliza kwa sauti mbele ya wageni amemletea nini kwa kuwa usiku hakulala nyumbani. Wageni wanacheka, mtoto anacheka, na baba wa mtoto anageuza uso kwa aibu, kwa sababu yeye na mama yake mzazi hawawezi kuzungumza hivyo hata kwa dawa. Kizazi kimoja kinaruka, na kilichokuwa mwiko kinakuwa mapenzi.

Na utani haukuishia katika ukoo. Umeunganisha makabila mazima. Wanyamwezi, waliobeba mizigo ya misafara kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakawa watani wa makabila mengi ya njiani, wakiwamo Wazaramo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, damu ikamwagika kwelikweli, na wajukuu wa wapiganaji hao wakawa watani. Mngoni akimkuta Mhehe stendi ya basi humwambia maneno ambayo akimwambia mtu mwingine watapelekana polisi. Mhehe hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika yeye ndiye mkosaji, na watu watamshangaa kwamba hakulelewa. (Waandishi wetu wa michezo wamelichukua neno hili wakawavisha Simba na Yanga, "watani wa jadi". Mimi sina hakika kama wale mashabiki wanaorushiana chupa wanaijua hiyo sheria ya kutokukasirika.)

Jambo lenyewe lilimvutia hata mtaalamu wa ndege. R. E. Moreau alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, na sifa yake kubwa ni uchunguzi wa ndege wa Afrika. Lakini katika miaka ya 1940 aliandika makala juu ya utani wa Tanganyika, akiorodhesha kabila gani linamtania nani. Mwaka 1940 msomi mwenzake, Radcliffe-Brown, alikuwa ameandika kwamba utani ni kukosa adabu kulikoruhusiwa. Maelezo hayo si mabaya, ila mimi naona yamepungua. Watani hawaruhusiwi tu kutukanana, bali wana wajibu mzito kwa wenzao, na wajibu huo unaonekana wazi msibani.

Nani hajamwona mtani msibani? Watu wamelia hadi machozi yamekauka, jeneza liko tayari, mara anatokea mtu amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akichechemea, anadai fedha aliyokuwa anamdai. Anaingia kaburini analala, anasema hatoki mpaka alipwe. Anamsema marehemu ulevi wake, ubahili wake, wanawake zake. Mjane anajikuta anacheka katikati ya kilio. Na mtani huyo huyo ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyehangaikia maji na kuni. Maneno anayoyasema pale, yangesemwa na mtu asiye mtani, yangeleta msiba wa pili.

Wanawake nao wana mahali pao. Kungwi akimfundisha mwari ndani ya unyago, anaita kila kitu kwa jina lake, tena kwa ngoma na kwa nyimbo. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, alisifika dunia nzima kwa taarab, lakini nyumbani Zanzibar aliheshimiwa vile vile kama mwalimu wa unyago. Ni siri ya chumbani, kwa mwari na wanawake wenzake. Na kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa ambayo siku hizi hufanyika mwezi wa Julai, wanaume hutandikana kwa mabua ya migomba ili kumaliza ugomvi wa mwaka uliopita, na wanawake huzunguka wakiimba maneno ambayo siku nyingine yoyote yangewashushia hadhi. Jua likitua maneno yanarudishwa sandukuni pamoja na nguo za sikukuu.

Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa na lugha safi kama wanavyodai baadhi ya wanaowalaumu vijana wa leo. Walikuwa na lugha chafu ya kutosha. Walichokuwa nacho ni kuta. Kila neno lilijua chumba chake, na kila mtu alijua akiingia chumba kipi asiseme nini.

Sheria ya dola nayo, bila kujua, ilikaribia wazo hilo. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, iliyoletwa na Waingereza na kuanza kutumika mwaka 1945, ina kifungu cha 89 ambacho bado tunacho Tanzania. Kinasema anayemtolea mwenzake lugha ya matusi kwa namna inayoelekea kuvunja amani anaweza kufungwa miezi sita. Kifungu hakina orodha ya maneno. Kinamtaka hakimu aangalie namna: nani kasema, kwa nani, na nini kingefuata.

Sasa ndipo tunapoingia sisi wa redio, maana sisi ndio tuliobomoa kuta. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ianze kurusha matangazo mwaka 1951, kimekuwako chombo ambacho sauti yake inaingia katika vyumba vyote kwa wakati mmoja. Baba mkwe anasikiliza, na mkwe wake anasikiliza. Bibi yuko hapo, na mjukuu, na kasisi, na konda. Mtani anasikiliza pamoja na asiye mtani. Adabu ya kwetu haikuwahi kuandaa neno la kusema mbele ya watu wote hao wakiwa pamoja, kwa sababu haikuwahi kutokea wakae pamoja.

Wamarekani walilifikisha jambo hili mahakamani. Tarehe 30 Oktoba 1973, saa nane za mchana, kituo cha WBAI cha New York kilirusha maongezi ya mchekeshaji George Carlin juu ya maneno ambayo hayawezi kusemwa hewani, naye akayasema, tena akayarudia. Baba mmoja alikuwa ndani ya gari na mwanawe wa kiume. Akaandika malalamiko. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama Kuu ya nchi, na tarehe 3 Julai 1978 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba serikali inaweza kukiwekea kituo mipaka. Hoja yao ingeeleweka Rungwe na Makunduchi. Hawakusema Carlin hana haki ya kuyasema maneno yake ukumbini. Walisema redio inamfuata mtu mpaka nyumbani kwake, na mtoto hana mlango wa kuifungia. Saa ya kurusha, wakasema, ina uzito. Yaani na wao walikuwa wanatafuta kuta, ila wamezijenga kwa saa ya ukutani.

Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi hadi leo. Kipindi cha simu za wasikilizaji kikiwa hewani, fundi mitambo ameweka kidole tayari, akingoja tusi la nguoni lichomoze ili alikate. Ni kazi ya haki, na mimi siibezi. Ila nina wasiwasi na kidole hicho, kwamba kimefundishwa kuangalia upande mmoja tu.

Maana kuumiza na kutukana ni vitu viwili. Wapenzi wa taarab ya Dar es Salaam ya miaka ya 1990, enzi za Muungano na TOT, wanajua kwamba mpasho uliosukwa vizuri hauna neno hata moja la kukatwa, na bado aliyekusudiwa atahama mtaa. Huo ni mchezo, na waliochezeana waliujua. Lipo jingine lisilo mchezo. Neno mshenzi halina uchi wowote ndani yake. Katika karne ya 19 waungwana wa pwani walilitumia kwa mtu wa bara, asiye wa mji wala wa dini yao, na katika nyakati zile mtu wa namna hiyo ndiye aliyeweza kukamatwa akauzwa. Walowezi wa Kizungu wakalipenda, wakalichukua katika Kiingereza chao cha Kenya wakawa wanalitumia kwa mbwa koko na kwa kazi mbovu. Neno lenye historia hiyo linapita redioni bila kidole kutikisika.

Na jirani zetu wa Rwanda walilipa bei kubwa kuliko wote. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali mwezi Julai 1993. Walioisikia wanasema ilivutia: muziki mzuri, mizaha, watangazaji wanaopiga soga kama wako kijiweni. Ilizungumza lugha ya mtani. Neno lililorudiwa humo lilikuwa inyenzi, yaani mende. Katika miaka ya 1960 lilikuwa jina la wapiganaji wa Kitutsi waliovamia kutoka uhamishoni, lakini RTLM ikalinyoosha mpaka likamfikia kila Mtutsi, mkulima, mwalimu na mtoto mchanga. Kuanzia Aprili 1994 yaliyofuata tunayajua.

Kesi ilisikilizwa hapa kwetu Arusha. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa kituo hicho na profesa wa historia kwa taaluma. Rufaa ya Novemba 2007 ilimpunguzia kifungo kutoka maisha hadi miaka 30, lakini hatia ya uchochezi wa mauaji ya kimbari ikabaki. Nimejaribu kufikiria fundi mitambo wa kwetu, yule mwenye kidole tayari, ameketi Kigali mwaka ule na maagizo yake ya kukata matusi ya nguoni. Mende asingemkata. Mende yuko katika kila kabati la jikoni.

Kenya nao wanalo lao. Wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, katika Bonde la Ufa neno madoadoa lilitumika kwa watu wa makabila yaliyohamia huko. Mwezi Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, na miezi michache baadaye tume ya Kenya ya uwiano ikatoa orodha ya maneno ya kuchunga kabla ya uchaguzi. Madoadoa lilikuwamo, na kwekwe pia. Niliisoma orodha hiyo nikitafuta tusi. Nikakuta shamba linalopaliliwa, na nguo iliyohitaji sabuni.